Nani Aligawa Karata Hizi?

Hotuba hii niliitoa Jumamosi asubuhi mbele ya wazazi na vijana wa mtaa wetu hapa Kisumu. Wengi walikuwa matangani, hawakuweza kufika, wakaniomba niiandike. Nimeiacha karibu kama nilivyoisema.

Oyawore uru! Hamjambo wazee wangu, hamjambo akina mama, vijana mko salama? Asanteni kwa kuja mapema. Najua kesho ni siku ya soko la Kibuye, na wengine wenu mmeacha magunia nyumbani hayajashonwa midomo.

Hii niliyoshika ni pakiti ya karata. Najua wapo humu ndani ambao wakiona karata wanaona kamari, na wapo waliochapwa na baba zao kwa sababu yake. Nivumilieni. Sikuja kumfundisha mtoto wa mtu kuchezea pesa, na juu ya pesa nitasema neno kabla sijakaa. Nimekuja na karata kwa sababu kuna swali tunaloulizana matangani, wodini, na siku watoto wanapopokea matokeo ya mtihani. Hili lililotupata, lilipangwa, au tulijitakia?

Tunalijibu upesi mno. Mmoja atasema ni mapenzi ya Mungu. Mwingine atasema huyu hana hawi, yaani hana bahati, alizaliwa na mkosi wake. Wa tatu atakunja mikono kifuani aseme: si tulimwambia? Alijitakia. Kisha chai inaletwa na mazungumzo yanahamia siasa.

Hebu fikirini michezo ambayo nyote mnaijua. Upo ajua tunaoucheza huku kwetu, na lipo bao la ndugu zetu wa Pwani, mashimo 32, kete 64. Pale kila kitu kiko wazi. Kete zako naziona, zangu unaziona, hakuna kilichofichwa wala kilichorushwa hewani. Ukishindwa ajua, umeshindwa na akili ya mwenzako. Upande wa pili upo ule mchezo wa watoto wa nyoka na ngazi. Pale unarusha dadu, na dadu ndiyo inayoamua kila kitu. Mtoto wa miaka minne anaweza kumshinda profesa, kwa sababu hakuna la kuamua: unapanda ulipopandishwa, unateremka ulipomezwa.

Maisha ni mchezo gani kati ya hiyo miwili?

Anayesema "alijitakia" anaishi kana kwamba dunia ni ajua. Anayesema "iliandikwa" anaishi kana kwamba dunia ni nyoka na ngazi. Mimi nimekuja kuwaambia kwamba wote wawili wamekosea mchezo. Maisha yamekaa kama karata. Hukuchagua ulichogawiwa, na hakuna wa kukuchezea. Wazee wa Kiswahili walisema jitihada haiondoi kudura. Wazee haohao walisema mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Nilipokuwa mwalimu, wanafunzi waliniuliza mara nyingi: mwalimu, methali ipi ndiyo ya kweli? Zote mbili. Moja inasema juu ya mgao, nyingine inasema juu ya uchezaji.

Mchezo nilioujua kwanza ni huu wetu wa kadi, ambao kila kijana wa stendi ya boda anaujua. Alinifundisha kaka yangu mkubwa, kule Ahero, likizo za shule, tumekaa juu ya mkeka chini ya mti wa mwembe. Kila mtu karata nne. Unatupa inayofanana na iliyo mezani, kwa namba au kwa alama. Mbili inamlisha mwenzako karata mbili, tatu inamlisha tatu. Ree, ile yenye A, inakuokoa usile. Nane na malkia ni swali, lazima ulijibu. Ukikaribia kumaliza unatangaza: niko kadi! Ukisahau kutangaza, huruhusiwi kufunga.

Sasa tazameni jambo hili, maana ndilo kaka alilonishikisha kwanza. Kwa kanuni zetu hufungi kwa ree. Hufungi kwa mbili, wala tatu, wala mfalme. Unafunga kwa karata ya kawaida, nne, sita, tisa. Mimi nilikuwa mtoto mwenye tamaa, nikipata ree naificha, nikipata tatu naificha, nafurahi kwamba mkono wangu una nguvu. Mwisho wa mchezo nimebaki na wafalme wawili na ree moja na siwezi kufunga, kaka anatupa nne ya pau, hii mnayoiita maua, mchezo umeisha. Nalia kwamba ana bahati. Kaka ananifunulia karata zangu moja moja juu ya mkeka na kuniuliza: kati ya hizi, bahati mbaya ni ipi?

Nilikuwa na umri wa miaka tisa, sikuwa na jibu. Nimelifikiria swali hilo miaka mingi. Hakuna karata iliyozaliwa mbaya wala nzuri. Iko ya wakati wake na isiyo ya wakati wake. Ree mwanzoni ni ngao, mwishoni ni mzigo. Ni wangapi tunawajua waliogawiwa mkono mzuri, shamba zuri, jina zuri, wakauficha hadi ukawazuia kufunga?

Lakini kaka huyohuyo alinifundisha jambo zito zaidi, na hilo hakunifundisha mkekani. Nilimwomba ruhusa ya kulisema hapa, akanipa. Yule pale, karibu na dirisha.

Kaka alikuwa ameweka akiba. Akataka kukodi shamba la mpunga upande wa mto Nyando. Hakukurupuka. Alikwenda kwa wazee wa pale akawauliza shamba hili limewahi kufurika mara ngapi. Wakahesabu kwa vidole: katika miaka kumi, mara mbili. Akauliza bei ya mbegu, ya trekta, ya vibarua wa kufukuza ndege. Akakaa na mkewe usiku, wakapiga hesabu kwenye daftari la mtoto. Katika miaka kumi, minane ina faida. Akapanda.

Mwaka ulikuwa 2020. Mnaukumbuka. Mvua zilinyesha hadi Mei, Ziwa Victoria likapanda kufikia kimo ambacho halikuwa limekaribia tangu 1964, maji yakaingia nyumba za watu Dunga, na Nyando ikavunja kingo. Mpunga wa kaka ulikaa chini ya maji hadi ukaoza. Nilikwenda kumwona. Alikuwa amesimama kwenye tuta, suruali ameikunja hadi magotini, anatazama maji tu. Kwenye kidole alikuwa ameviringisha kipande cha kamba ya katani ambayo angefungia magunia.

Tulisema nini sisi jamaa zake? Tulisema alikuwa mjinga. Nani analima kando ya mto? Kulikuwa na jirani ambaye msimu ule hakulima kwa sababu alichelewa kutafuta trekta. Huyo ndiye tuliyemwita mwenye akili! Na mimi, mwalimu wa hisabati, mtu aliyefundisha hesabu za uwezekano ubaoni miaka yote, nilikuwa miongoni mwao. Nilitikisa kichwa pamoja na wengine.

Msimu uliofuata mwenye shamba alimwita kaka tena. Kaka alikataa. Alisema yeye na mpunga hawana bahati. Mtu mwingine alilikodi shamba lile na akavuna vizuri.

Ndugu zangu, maji yalimnyang'anya msimu mmoja. Maneno yetu yalimnyang'anya wa pili.

Mnaona tulichokosea? Tulipima uamuzi kwa matokeo yake. Ukiwa na nafasi nane katika kumi na ukapoteza, hukucheza vibaya. Ulicheza vizuri ukaangukia zile mbili. Na mtu anayekimbiza pikipiki usiku bila taa akafika nyumbani salama hakucheza vizuri. Alicheza vibaya akaponea. Tunamsifu huyu, tunamcheka yule, halafu tunashangaa kwa nini watoto wetu hawajui kuamua. Watajifunza wapi, ikiwa anayefikiri na asiyefikiri tunawapima kwa mvua?

Kaka, nimekuomba radhi nyumbani. Leo nakuomba mbele ya watu.

[Hapa watu walipiga makofi, nikanyamaza kidogo.]

Kuhesabu kwa namna ile ambayo kaka alihesabu si jambo la zamani sana. Mwaka 1654 Wafaransa wawili, Blaise Pascal na Pierre de Fermat, waliandikiana barua kuhusu swali la wacheza kamari. Wachezaji wawili wameweka dau sawa, sarafu 32 kila mmoja, jumla 64. Wa kwanza kushinda mara tatu achukue zote. Mmoja ameshinda mara mbili, mwenzake mara moja, kisha mchezo unakatizwa. Wagawane vipi?

Ninyi mngegawa vipi? Nusu kwa nusu? Au aliye mbele achukue zote?

Pascal alisema: tazameni mchezo ambao haujachezwa. Raundi inayofuata, akishinda aliye mbele, anachukua 64. Akishindwa, wanakuwa sare mbili kwa mbili, kila mmoja ana haki ya 32. Basi 32 ni zake vyovyote itakavyokuwa. Hizo 32 nyingine nafasi ni nusu kwa nusu, kwa hiyo aongezwe 16. Jumla 48 kwake, 16 kwa mwenzake.

Kwangu mimi hilo ni jambo la ajabu hadi leo. Kabla ya hapo watu wengi waliona ya kesho ni ya Mungu peke yake, hayahesabiki. Pascal alikuwa mcha Mungu, na sidhani alimnyang'anya Mungu kitu. Kesho hatuioni, lakini tunaweza kuipima, kama mvuvi wa Dunga anavyoipima dhoruba kwa kuangalia mawingu upande wa kisiwa cha Rusinga. Haijui. Anaipima, kisha anaamua kama ataingia ziwani.

Sasa nataka mtazame mikono yangu.

[Nilizichanga karata mbele yao, nusu kushoto, nusu kulia, pembe zikipukutika na kuingiana.]

Hii ni mara moja. Pakiti hii ina karata 52. Njia za kuzipanga, yaani mipangilio inayowezekana, ni namba yenye tarakimu 68. Sekunde zote tangu ulimwengu uanze, yapata miaka bilioni 13.8, zinahesabika kwa tarakimu 18 tu. Ukizichanga karata zako vizuri jioni hii, karibu ni hakika kwamba mpangilio ulio mkononi mwako haujawahi kushikwa na binadamu yeyote.

Lakini nimesema ukizichanga vizuri. Yupo profesa Mmarekani aitwaye Persi Diaconis, ambaye akiwa na miaka 14 aliondoka nyumbani kumfuata mwanamazingaombwe, na baadaye akarudi shuleni hadi akawa bingwa wa takwimu. Mwaka 1992 yeye na mwenzake Dave Bayer walitoa hesabu inayoonyesha kwamba kuchanga kwa namna hii niliyowaonyesha kunahitaji kufanywa mara saba hivi ndipo karata 52 zichanganyike vya kutosha. Mara moja haitoshi. Mara tatu haitoshi. Pakiti iliyochangwa mara tatu bado imebeba mafungu ya mchezo uliopita, yamefuatana vilevile, na anayejua kuyatazama atayaona.

Karata zinakumbuka! Ndilo neno nililotaka mlibebe leo. Tunagawiwa mkono, tunadhani ni bahati tupu, kumbe mgao umebeba mpangilio wa mchezo wa jana. Mtoto anazaliwa Nyalenda kwenye vibanda, mwingine anazaliwa Milimani kwa matajiri, mwendo wa miguu tu kati yao. Ni kudra hiyo? Sehemu yake ndiyo, hakuna aliyechagua mama. Lakini reli ilipofika hapa 1901, mji ukiitwa Port Florence, kuna mtu aliyeamua kituo kiwe wapi, nani aishi juu kwenye upepo na nani aishi chini kwenye mbu. Aliyeamua alikuwa mtu, mwenye kalamu na ramani. Sisi tumekuja baadaye, tumeketi, tumechukua karata nne nne kutoka pakiti ambayo haijachangwa mara saba.

Hata majina ya karata zenyewe ni hivyo. Karata, kopa, shupaza, uru, pau, turufu: yote ni Kireno. Vasco da Gama alifika Mombasa 1498, na Wareno walitolewa Fort Jesus 1698. Ngome imebaki, na maneno ya mezani yamebaki. Na Ulaya nako karata zilitoka Misri ya Wamamluki, zikiwa na vikombe, sarafu, panga na fimbo za polo. Mwanasiasa akisema redioni "turufu yangu bado", anatumia neno alilogawiwa na mabaharia bila yeye kujua. Sioni ubaya. Limekuwa letu kwa kulicheza.

Basi kabla ya kumwambia kijana "ni bahati yako", tujiulize: ni bahati, au ni pakiti isiyochangwa? Kwa sababu bahati tunaivumilia, lakini pakiti isiyochangwa tunaweza kuichanga. Basari ya kata ikigawiwa kwa haki, huko ni kuchanga. Binti akipewa haki katika shamba la babake, huko ni kuchanga. Kazi ya namna hiyo haimalizwi mara moja, nimewaambia ni mara saba.

Nimeahidi neno juu ya pesa. Nilipokuwa kijana naelekea chuoni, nilishuka stendi ya Nakuru kubadilisha gari. Nilikuwa na shilingi 1,800 za karo ndani ya soksi. Palikuwa na mtu ameweka kreti la soda kichwa chini, juu yake karata tatu zilizokunjwa katikati kama mapaa ya vibanda. Malkia mwekundu mmoja. Anazizungusha taratibu, unaona kabisa malkia alipo. Mzee mwenye shati jeupe aliweka mia, akashinda mia mbili. Mama mwenye kikapu akashinda. Kisha mchezeshaji aligeuka kukohoa, na yule mzee akanikonyeza akakunja ncha ya malkia kidogo, ili tumjue. Niliona ncha ile kwa macho yangu! Nikavua kiatu.

Karata yenye ncha iliyokunjwa ilipofunuliwa ilikuwa saba ya shupaza.

Mzee mwenye shati jeupe alikuwa mwenzao. Mama mwenye kikapu alikuwa mwenzao. Huo ndio pata potea. Nilirudi nyumbani kwa lifti ya lori la viazi, nikamwambia mama yangu nimepata bahati mbaya. Mama alikuwa anachagua omena kwenye ungo, hakuinua uso. Akaniuliza: hiyo ni bahati gani inayojua una pesa ngapi kwenye soksi?

Vijana wangu, swali la mama yangu liulizeni kila mnapofungua simu kubeti. Chukueni mechi ambayo timu mbili zina nguvu sawasawa na hakuna sare. Kampuni ya kubeti inakupa 1.90 upande huu na 1.90 upande ule, yaani ukishinda, kila shilingi uliyoweka inarudi 1.90. Wewe uweke mia huku, rafiki yako aweke mia kule. Wamepokea 200. Yeyote atakayeshinda, watalipa 190. Kumi zimebaki kwao, na hawakuhitaji kujua chochote kuhusu mpira. Leo kumi, kesho kumi, mwaka mzima. Wewe unasema timu yangu ina mkosi. Mwenye kampuni hana mkosi wala bahati, ana hesabu ya Pascal. Yeye anaijua, wewe huijui. Nimezika mtoto wa jirani kwa sababu ya deni la kubeti, naomba mniruhusu nisiendelee.

Kwa hiyo nawaomba jambo moja mkitoka hapa. Mtu akipatwa na lake, msikimbilie yale majibu matatu. Kaeni naye kwanza kama kaka alivyokaa nami mkekani, mzifunue karata moja moja. Hii ulipewa. Hii uliichagua. Hii uliichagua vizuri, mvua ikaikataa. Na hii, ndugu yangu, ulitapeliwa. Zikishatandikwa hivyo, kila moja ina namna yake ya kuishughulikia, na aibu nyingi ambayo mtu alikuwa ameibeba huonekana haikuwa yake.

Huko nje akina mama wameandaa chai na mandazi. Kuna meza sita na pakiti sita. Kila meza ikae na wazee wawili na vijana wawili. Hakuna kuwekeana pesa, hata ya sukari. Wazee hawatagawa, tumegawa vya kutosha. Watoto ndio watakaochanga, mara saba, na kila meza ihesabu kwa sauti.

Kaka, njoo meza ya kwanza. Binti yangu anachanga. Wewe utakata.